Shule Haipimwi kwa Orodha ya Washindi

Kila matokeo ya mitihani ya Taifa yanapotangazwa, huzuka watu wa kushangilia na watu wa kuzomea. Wanaoshangilia hubandika mabango barabarani: shule imefaulisha wote, sifuri hakuna, wazazi njooni mwandikishe. Wanaozomea huichukua orodha ile ile wakaisoma kutoka chini kwenda juu, na kila wakikuta jina la shule ya kijijini, ya Bonde la Eyasi au ya nyanda za juu za Ngorongoro, hutikisa vichwa na kusema kwamba huko watoto hawana akili ya darasani, walimu hawafundishi na wazazi hawataki elimu. Makundi haya mawili hujiona yanapingana. Kwa kweli yanakubaliana katika jambo moja, nalo ndilo kosa lenyewe: kwamba alama za mtihani, zikisomwa peke yake, zinatosha kuihukumu shule.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, likieleza kwamba utaratibu huo haukuwa na tija. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na ulichelewa. Lakini orodha iliyofutwa midomoni mwa Baraza haikufutwa vichwani mwa watu. Siku ile ile matokeo yanapotolewa wenye biashara ya shule huketi na kalamu wakatengeneza orodha zao wenyewe, na katika ofisi nyingi za elimu orodha ya wilaya ingali rungu la kumpigia Mwalimu Mkuu. Wako walimu wakuu katika nchi hii waliowahi kuitwa mbele ya wenzao wakakabidhiwa kinyago kwa kuwa shule zao zilishika mkia. Kinyago hakiandiki ubaoni, wala hakifundishi Hisabati. Na kama ingefanyika hesabu ya nani aliinyima shule hiyo walimu, huenda kinyago kingetafuta mpokeaji mwingine, na kingempata katika jengo lile lile kilimotokea.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, zinafaa sana kuchunguzwa katika jambo hili, kwa sababu zimekaa bega kwa bega na kila aina ya shule iliyomo nchini inapatikana humo. Msafiri anayetoka Makuyuni kwa barabara ya lami hupanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, akapita Rhotia, akaingia Karatu mjini. Hapo atakuta benki, hoteli za watalii, nyumba za kupanga, na shule za mchepuo wa Kiingereza zenye mabasi yanayowafuata watoto milangoni. Mwendo si mrefu kutoka hapo kuteremka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, ambako msimu wa kuvuna unapofika mtoto wa darasa la sita ana thamani kubwa zaidi shambani kuliko darasani. Na mwendo mfupi vilevile, kupita lango la Lodoare, humfikisha mtu katika Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kuna vijiji kama Nainokanoka na Endulen, baridi kali, ukungu wa asubuhi, na mtoto anayetembea kwenda shule katika nchi ya nyati na tembo.

Mtoto wa mjini Karatu na mtoto wa Endulen hukalia mtihani mmoja, siku moja, saa moja. Hilo ni sawa. Taifa moja lazima liwe na mtihani mmoja. Lakini ni nani aliyeuliza kila mmoja wao alianza safari wapi?

Ichukuliwe habari ya lugha tu. Pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi Waiyraqw, Wadatoga, Wahadzabe na watu wenye asili ya Kibantu waliofuata kilimo na biashara. Wataalamu wa lugha huja kutoka mbali kuitazama sehemu hii, kwa kuwa ni nadra sana duniani kukuta lugha za jamii tofauti kabisa zikikaa karibu hivyo. Kwa mtaalamu hiyo ni hazina. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza ni kazi ngumu ambayo hakuna alama ya mtihani inayoitambua. Mtoto huingia darasani na Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza. Mwenzake wa Ngorongoro huingia na Kimaasai. Mwalimu, ambaye mara nyingi ametoka mkoa mwingine na hajui hata neno moja la lugha hizo, humfundisha Kiswahili kwanza ndipo amfundishe kusoma. Mtoto huyo akishakizoea Kiswahili hata akafaulu darasa la saba, hupelekwa sekondari na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Lugha tatu katika miaka minane! Mtoto wa mjini aliyelelewa kwa Kiswahili tangu matiti ya mama, kisha akapelekwa shule ya Kiingereza akiwa na miaka mitatu, anapowekwa naye katika orodha moja na kutangazwa kuwa amemshinda, ushindi huo ni wa nani?

Wenye kushangilia watajibu kwamba hesabu ni hesabu. Basi ifanywe hesabu. Tuseme iko shule ya mjini ya kulipia, iliyowafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea, ikaandikisha 40 darasa la kwanza. Njiani, watoto 10 ambao wastani wao haukupendeza wakakaririshwa darasa hadi wazazi wakachoka, au wakashauriwa kwa upole watafute shule nyingine. Wakabaki 30, wote wakafaulu. Bango linasomeka asilimia 100. Tuseme tena iko shule ya kijiji, iliyopokea kila mtoto aliyeletwa, 90. Wakafika mtihanini 80, wakafaulu 56. Hiyo ni asilimia 70, na Mwalimu Mkuu anaitwa kujieleza. Lakini mtu akigawanya waliofaulu kwa waliopokelewa, shule ya mjini imewafikisha watoto 75 katika kila 100, na ya kijiji 62. Tofauti ya 30 imekuwa tofauti ya 13, na hapo bado haijaulizwa ni ipi iliyokuwa na mwalimu mmoja kwa watoto 15 na ipi iliyokuwa na mwalimu mmoja kwa watoto 70.

Na isidhaniwe kwamba udanganyifu huu ni wa shule za kulipia peke yake. Iwepo shule ya tatu, ya umma, iliyoandikisha watoto 90 ikawapoteza 50 njiani kwa utoro, machungani na ndoa za utotoni, wakabaki 40 na wakafaulu 36. Kwa hesabu ya sasa shule hiyo ina asilimia 90, na Mwalimu Mkuu wake atapewa cheti. Ile iliyowalinda watoto wake 80 hadi siku ya mwisho itaonekana dhaifu mbele yake. Ndiyo kusema kwamba kipimo kinamlipa anayewapoteza watoto na kumwadhibu anayewashikilia.

Haya si mawazo ya kubuni. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa hadharani kwa nafasi na kupakwa rangi, kijani, njano na nyekundu, kama embe sokoni. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliufuatilia utaratibu huo na kuchapisha matokeo ya kazi yao mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli matokeo ya wale waliofanya mtihani. Lakini waliona pia kwamba katika shule hizo hizo idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani ilipungua. Mwalimu aliyeambiwa apandishe asilimia, bila kupewa mwalimu wa ziada wala kitabu, aligundua njia rahisi ya kupandisha asilimia.

Ubepari uliijua njia hiyo zamani. Huko Marekani, ambako tangu sheria ya jimbo la Minnesota ya mwaka 1991 baadhi ya shule zinazolipiwa na umma zimekabidhiwa kwa waendeshaji binafsi kwa mkataba, na ambako sheria ya mwaka 2002 ilifunga hatima ya shule kwenye alama za mitihani, jiji la Atlanta lilijisifu kwa miaka kadhaa kuwa watoto wake maskini walikuwa wanapanda ngazi kwa kasi. Mwaka 2011 wachunguzi wa jimbo walitoa taarifa iliyowataja walimu na wakuu wa shule 178 katika shule 44. Walimu walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015, 11 kati yao walitiwa hatiani mahakamani. Na kabla msomaji hajawacheka Wamarekani, akumbuke kwamba Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, na watoto wakarudia mtihani kwa kosa la wakubwa.

Isitoshe, alama yenyewe si jiwe. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Taifa likashtuka, Serikali ikaunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine. Karatasi zilikuwa zile zile na majibu yale yale. Matokeo ya mwaka 2014 yakatolewa kwa wastani wa GPA. Ya mwaka 2015 yakarudi kwenye madaraja. Si vibaya kurekebisha kipimo. Kibaya ni kukichukua kipimo kinachorekebishwa kila mara na kukifanya amri ya kumvua mtu madaraka.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba Chama kililimaliza suala hili zamani. Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionyesha wazi kwamba mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaeleza kwa muda uliowekwa, na kwamba hauwezi kupima tabia ya mtu wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Pamoja na kuamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, iliagiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe. Maagizo hayo hayakuwa ya washairi. Yalitolewa na watu waliokuwa wameona elimu ya mkoloni, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa mchujo: kuchuja darasa la nne, kuchuja darasa la nane, hadi wabaki wachache wa kuvaa suruali nyeupe. Leo wapo wanaovaa shati la kijani siku ya mkutano, na kesho yake wakausifu mchujo ule ule kwa jina jipya la ubora wa elimu.

Haina maana kwamba kazi haikufanyika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulifuta ada za shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na ruzuku ikaanza kupelekwa moja kwa moja shuleni kila mwezi. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchini kote, 3,000 kati yake yakiwa ya shule shikizi, zile shule ndogo ambazo kwa nchi ya wafugaji ndizo pekee zinazoweza kumpokea mtoto wa miaka sita asiyeweza kutembea kilometa kumi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulimfungulia mlango wa kurudi shule msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito. Hizo ni hatua za kimapinduzi. Ndiyo maana inauma kuona kipimo cha kibepari kikiwekwa juu ya kazi ya umma na kuifanya ionekane si kitu.

Sasa itazamwe rasilimali. Ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa fedha hizo Mwalimu Mkuu anunue chaki, akarabati mlango uliong'oka, atengeneze mitihani ya majaribio na asafiri kwenda kwenye vikao. Shule ya watoto 400 hupata shilingi 200,000 kwa mwezi. Wako wazazi Karatu mjini wanaolipa zaidi ya hizo kwa mtoto mmoja, na hakuna anayewakataza. Lakini wasije wakashangaa kwamba alama hazilingani.

Na ipo hesabu nyingine ambayo haijaandikwa kwenye bango lolote. Gari moja la watalii likishuka kreta ya Ngorongoro, kwa tozo za miaka ya karibuni, hulipa dola 250 za huduma ya kreta kabla ya kodi, mbali na viingilio vya waliomo. Tozo hiyo moja, ya gari moja, kwa siku moja, inashinda ruzuku ya mwaka mzima inayofika shuleni kwa ajili ya watoto 80. Magari hayo hushuka kwa foleni. Fedha hizo ni za Taifa zima, na ni halali zijenge hospitali Mtwara na barabara Katavi. Lakini mtoto anayesimama kando ya barabara akiyapungia mkono magari hayo, kisha akaingia darasa lisilo na kitabu cha kutosha, ana haki ya kuulizwa swali lingine kabla ya kuulizwa kwa nini alipata D.

Wapo watakaosema kwamba shule zijitegemee, kwa kuwa ndiyo siasa ya Chama. Hoja hiyo ni nzuri Rhotia na Mbulumbulu, kwenye udongo mwekundu wenye rutuba, ambako kamati ya shule ikikaa na wazazi hukubaliana debe la mahindi na kisado cha maharage, na watoto wakala makande mchana. Ngorongoro haiwezekani. Ndani ya Hifadhi kilimo kilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1975, kikaruhusiwa kidogo kwa ajili ya kujikimu mwaka 1992, na kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Sababu za uhifadhi zinaeleweka na hazijadiliwi hapa. Kinachosemwa ni kwamba shule iliyokatazwa jembe haiwezi kudaiwa shamba la shule, na mzazi asiyeruhusiwa kulima mahindi hawezi kutoa debe la mahindi bila kuuza mbuzi kwanza. Chakula cha mchana cha mtoto huyo kinategemea bei ya mnadani. Ukame ukiua mifugo, daftari la mahudhurio linaonyesha wiki hiyo hiyo.

Kisha kuna njia. Agosti 2021, katika eneo la Ngorongoro, watoto watatu wenye umri wa kati ya miaka 9 na 11, waliokuwa wametoka shule na kwenda kutafuta ng'ombe waliopotea, waliuawa na simba. Watoto wale walikuwa wanafunzi na wachungaji siku hiyo hiyo, kama walivyo maelfu ya wenzao. Bweni kwao ni ukuta kati ya mtoto na mnyama, na ni ukuta kati ya msichana na mchumba aliyekwisha kutoa ng'ombe. Sheria ya mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Sheria hiyo ni nzuri, lakini askari yuko mbali na bweni likiwepo liko karibu. Shule yenye bweni na shule isiyo na bweni katika nchi hiyo si shule za aina moja, na orodha inayoziweka pamoja haisemi kweli.

Hapo ndipo pana jambo ambalo magazeti ya nje yamelisema kwa chuki, na ambalo halina budi kusemwa nyumbani kwa nia njema. Mwaka 2022, wakati wa zoezi la kuwahamisha kwa hiari wakazi wa Hifadhi kwenda Msomera, wilayani Handeni, fedha za UVIKO-19 zilizokuwa zimetengewa shule kadhaa za Tarafa ya Ngorongoro ziliagizwa zihamishiwe Handeni. Watoto wa Msomera wanastahili madarasa, tena mazuri. Lakini mtoto aliyebaki Endulen hakuacha kuwa Mtanzania kwa kuwa mzazi wake hajaamua kuhama. Mjadala wa uhifadhi na makazi una vikao vyake. 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wa Wamaasai wa Ngorongoro jijini Arusha na kutangaza tume mbili kuyashughulikia malalamiko yao. Dawati la mtoto halipaswi kusubiri taarifa ya tume. Na aliyeidhinisha fedha zile ziondoke hawezi kusimama mwaka wa mtihani akauliza kwa nini Tarafa imeshuka.

Usemi kwamba wafugaji hawapendi elimu ni kasumba iliyoachwa na mkoloni. Uliwahi kuwa na chembe ya ukweli, wakati shule ilikuwa mahali pa kumnyang'anya mzee mtoto wake. Leo ni kisingizio. Baraza la Wafugaji la Ngorongoro kwa miaka mingi lilitumia fedha lililopata kutoka Mamlaka ya Hifadhi kuwalipia karo vijana wa sekondari na vyuo, na akina mama wa Kimaasai wamekuwa wakiuza shanga kando ya barabara ili binti anunuliwe sare. Mtu asiyependa elimu hauzi ndama kwa ajili ya ada ya chuo. Edward Sokoine alitoka katika jamii hiyo hiyo ya wafugaji, na hakuwa Waziri Mkuu kwa sababu mtu alimtangaza katika orodha ya kumi bora.

Karatu nayo ina somo lake. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2020 jimbo hilo lilichagua wabunge wa upinzani, na hapakukosekana wakati huo watu wa kunong'ona kwamba wananchi wasubiri matunda ya kura zao. Mnong'ono huo ulikuwa aibu. Mtoto wa darasa la pili hapigi kura, na Chama kilichoanzishwa kwa ajili ya wanyonge hakigawi chaki kwa rangi ya bendera.

Haifai, hata hivyo, mazingira magumu yageuzwe shuka la kumfunika mwalimu mvivu. Wamo walimu wanaofika shule Jumatatu mchana na kuondoka Alhamisi. Wamo wakuu wa shule ambao ruzuku yao ndogo bado hupata njia ya kupungua. Wazo kwamba mtoto wa kijijini asidaiwe sana kwa kuwa ni wa kijijini ni dharau iliyovaa nguo ya huruma. Lakini mwalimu mvivu hutambuliwa kwa kulinganishwa na mwenzake aliyepewa kilicho sawa na chake, wala si na shule yenye umeme, maktaba na walimu wa ziada. Kila Afisa Elimu anajua kwamba ndani ya wilaya moja shule zilizoko kando ya lami hujaa walimu kupita ikama, huku za bondeni na za mlimani zikiwa na watatu wanaogawana madarasa saba. Uhamisho hutolewa kwa sababu za ndoa, za ugonjwa na za kujuana, na karibu wote huelekea upande mmoja, wa lami. Nyumba ya mwalimu Endulen ingefanya kazi kubwa kuliko barua kumi za onyo.

Suala hili lina haraka yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma 1 Februari 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, na kwa mpango huo mwaka 2027 ndio wa kulifikisha darasa la saba kikomo. Elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na mtoto ataendelea hadi kidato cha nne bila mchujo wa katikati. Watoto ambao leo hupotelea kwenye mlango wa darasa la saba watagonga milango ya sekondari za kata wote kwa pamoja. Sekondari hizo zikiendelea kupimwa kwa kipimo cha sasa, kila mkuu wa shule atakuwa na sababu nzuri ya kutamani baadhi yao wasifike.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka nje. Baraza la Mitihani na TAMISEMI wachapishe, mstari mmoja na alama za kila shule, idadi ya watoto walioandikishwa na idadi waliofika mtihanini, walimu waliopo na wanaotakiwa kwa ikama, watoto kwa dawati, watoto kwa tundu la choo, vitabu, bweni kama lipo, chakula cha mchana kama kipo. Takwimu hizo zote hukusanywa tayari. Walimu wakuu huzijaza kila mwaka hadi vidole vikauma, zikaenda kulala makabatini. Shule za kulipia nazo zijaze mstari huo huo, pamoja na idadi ya waliohamishwa kabla ya mwaka wa mtihani. Serikali imekwisha kukataza mara kadhaa kumwondoa mtoto kwa sababu ya wastani uliowekwa na shule. Katazo lisilo na takwimu ni hewa.

Na Afisa Elimu atakayepanda gari Loliondo kwenda Endulen na orodha ya alama mkononi, akiwa tayari amekunja uso, Mwenyekiti wa Kijiji ampokee vizuri, ampe kiti, halafu amwombe wafungue kwanza daftari la uandikishaji la darasa la kwanza la miaka saba iliyopita, wasome majina yote, moja moja, na kila asiyeonekana katika orodha ya mtihani wamtaje yuko wapi.